Kutoka "Dalili Hasi" hadi "Dalili za Kufifia": Neno, Simu na Kujuliana Hali

Al Khoudh, upande wa magharibi wa jiji la Muscat, ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, kilichofunguliwa mwaka 1986, pamoja na hospitali yake iliyoanza kazi mwaka 1990. Muscat ni jiji ambalo Kiswahili kinasikika majumbani, kwa sababu familia nyingi zenye asili ya Unguja, Pemba na mwambao zilihamia Oman baada ya mapinduzi ya 1964, na hasa baada ya mwaka 1970. Kwa familia kama hizo, ugonjwa mmoja unaweza kupita katika lugha tatu kabla ya kufika jikoni: daktari ameusoma kwa Kiingereza, anaueleza kwa Kiarabu, na bibi aliyelelewa Ng'ambo, Unguja, anafasiriwa na mjukuu wake kwa Kiswahili. Kila neno linapovuka kutoka lugha moja kwenda nyingine, hubeba kitu kipya na huacha kitu nyuma. Istilahi ninayoijadili hapa, "dalili hasi", imeacha nyuma maana yake yote na kubeba lawama isiyostahiki. Nitajaribu kuonyesha kwamba kuibadilisha si pambo la lugha. Neno tunalolichagua ndilo linaloamua tunamwonaje mgonjwa wa skizofrenia anapokaa kimya, na ndilo linaloamua kama simu iliyo mkononi mwake itamsaidia kurudi kwa watu au itakuwa mwalimu mwingine wa kumkaripia.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu wapatao milioni 24 duniani wanaishi na skizofrenia, yaani takriban mtu mmoja katika kila watu 300. Jina hilo lilitungwa na daktari wa Uswisi, Eugen Bleuler, mwaka 1908, kutokana na maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya kupasuka na akili. Kiarabu kikafuata njia hiyohiyo kwa neno "fusam", lenye maana ya kutengana, na ndiyo maana mpaka leo wako wanaodhani kwamba mgonjwa ana nafsi mbili ndani ya mwili mmoja. Hana. Bleuler alikusudia kwamba fikra, hisia na nia, ambazo kwa kawaida huenda pamoja, zinaachana njia. Madaktari wanazigawa dalili zake katika mafungu makuu. Fungu la kwanza ni la mambo yaliyoongezeka juu ya maisha ya kawaida: sauti ambazo wengine hawazisikii, na imani zisizotikisika, kama vile kwamba jirani anamfuatilia. Fungu la pili ni la mambo yaliyopungua. Kikao cha wataalamu kilichofanyika Marekani mwaka 2005 kililipanga fungu hili katika maeneo matano: uso na sauti kutoonyesha hisia, maneno kuwa machache, nia ya kuanza jambo kulegea, hamu ya kuwa na watu kushuka, na hamu ya raha kupotea. Fungu hili la pili ndilo linaloitwa "hasi".

Jina hilo lina asili yake. Katika karne ya 19, daktari wa mfumo wa fahamu John Hughlings Jackson, aliyefanya kazi London, alieleza kuwa ubongo ukidhurika hutokea mambo mawili: kazi fulani inaondoka, na kazi nyingine iliyokuwa imezuiliwa inafunguka. La kuondoka aliliita hasi kama mwanahesabu anavyoweka alama ya kutoa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Nancy Andreasen wa Chuo Kikuu cha Iowa alitunga kipimo cha dalili hizo, na istilahi ikaenea duniani ikiwa na maana ileile ya hesabu. Lakini Kiswahili hakikulipokea neno "hasi" kwenye hesabu peke yake. Msomaji wa gazeti anakutana nalo katika "mtazamo hasi", "fikra hasi" na "athari hasi", na kila mara maana yake ni ubaya. Mfugaji naye analijua kama kitenzi: kumhasi fahali ni kumwondolea uzazi. Kwa hiyo mama akiambiwa kwamba mwanawe ana dalili hasi, hasikii kwamba kuna kitu kimeondoka kwa mwanawe. Anasikia kwamba mwanawe ana tabia mbaya. Kiarabu kina bahati zaidi katika hili, kwa sababu "salbi" linatokana na "salaba", kupora, na ndani yake bado mna picha ya mtu aliyenyang'anywa kitu. Picha hiyo Kiswahili kimeiacha bandarini.

Madhara ya kuiacha yanaonekana sebuleni. Chukua mchana wa Ijumaa baada ya sala, sinia la wali limeshawekwa, wajomba na mashangazi wamekaa, watoto wanapishana mlangoni. Kijana wa nyumba yumo chumbani. Amezisikia salamu, lakini hakutoka. Akiitwa anakuja, anakaa ukingoni mwa mkeka, anajibu "alhamdulillahi" kwa sauti isiyopanda wala kushuka, anakula matonge mawili, anarudi alikotoka. Angekuwa anapiga kelele na kuzungumza na asiyeonekana, kila mtu pale angejua kwamba anaumwa. Kwa kuwa amenyamaza, watu wanasema kazubaa, kapoa, mvivu, au mbaya zaidi, ana kiburi. Watafiti wa maisha ya familia, akiwemo Jill Hooley wa Marekani, wameeleza tangu miaka ya 1980 kwamba ndugu huwa wepesi kusamehe sauti na imani za ajabu, kwa sababu wanaziona ni ugonjwa, lakini huwa wakali kwa ukimya na kutojishughulisha, kwa sababu wanadhani mgonjwa angetaka angeweza. Na ukali huo una gharama. Utafiti ulioanzia London kwa George Brown, na kuendelezwa na Christine Vaughn na Julian Leff katika miaka ya 1970, ulionyesha kuwa wagonjwa wanaorudi katika nyumba zenye lawama nyingi huzidiwa tena mara nyingi zaidi kuliko wanaorudi katika nyumba zenye upole. Istilahi inayofanana na lawama inaitia nguvu lawama yenyewe.

Tutafute basi neno jingine, na tulipime kwa sikio la mtu wa nyumbani. Pendekezo la kwanza linalomjia mfasiri ni "dalili za upungufu". Lina ukweli wa hesabu, lakini lina ndugu mwovu: "punguani", tusi kongwe kwa mtu anayedhaniwa hana akili timamu. Atakayesikia upungufu katika habari ya akili atamkumbuka punguani papo hapo. La pili ni "dalili za ukosefu". Hili nalo lina mtego, kwani kwa Kiswahili kukosa ni kutokuwa na kitu na pia ni kutenda kosa. Mkosefu wa nia yuko hatua moja tu kutoka kwa mkosaji. Ninapendekeza la tatu: "dalili za kufifia", na mwenzake, kwa fungu la kwanza, liwe "dalili za ziada". Rangi ya kanga hufifia kwa kufuliwa, sauti ya redio hufifia, nuru ya taa hufifia, na hakuna anayeulaumu utambi. Tena neno hili linaenea vizuri juu ya maeneo yote matano: hisia usoni zimefifia, maneno yamefifia, nia imefifia, hamu ya watu imefifia, hamu ya raha imefifia. Mjukuu anaweza kulifasiri kwa bibi yake bila kusimama kutafuta maelezo. Atakayesema kwamba kufifia kunaashiria kuelekea kuzimika, nitamjibu kwamba kinachofifia bado kipo. Taa ya chemni ikififia, mtu hainunui nyingine. Anaupandisha utambi.

Kwamba kitu bado kipo si maneno ya kufariji tu, yana ushahidi, na ushahidi wenyewe ulikuja kwa njia ya vifaa vinavyobebwa mfukoni. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba mgonjwa wa skizofrenia hana uwezo wa kufurahi, kwa sababu akiulizwa katika chumba cha daktari kuhusu mambo yanayompendeza, majibu yake ni mafupi na baridi. Watafiti wakabadili njia. Wakawapa wagonjwa kifaa kinacholia mara kadhaa kwa siku, na kila kikilia wajibu maswali machache: uko wapi, uko na nani, unajisikiaje sasa hivi. Majibu yakaleta picha nyingine. Katika kazi iliyochapishwa mwaka 2007, David Gard, Ann Kring na wenzao walionyesha kwamba mgonjwa akiwa ndani ya jambo la kufurahisha, furaha yake haiko mbali na ya watu wengine. Kilichopungua ni kuitazamia furaha kabla haijafika. Kijana wa Ijumaa huenda angefurahia mazungumzo kama angekuwa tayari ameshakaa nayo. Kinachomshinda ni ule mwendo wa hatua ishirini kutoka chumbani hadi sebuleni, kwa sababu akilini mwake hakuna ladha ya kitakachomkuta huko. Hii ndiyo maana halisi ya kufifia: taa ipo, mafuta yapo, utambi umeshuka.

Dawa peke yake hazijaweza kuupandisha. Tangu klopromazini ilipoanza kutumika Paris mwaka 1952, dawa zinazozuia kazi ya dopamini zimewatuliza mamilioni ya watu waliosumbuliwa na sauti, na asiache yeyote dawa zake kwa kusoma makala. Lakini kwa dalili za kufifia msaada wake ni mdogo, na wakati mwingine dozi kubwa huongeza ukakamavu wa mwili na usingizi unaofanana na kufifia. Hapa ndipo programu za simu zinapopata nafasi. Mwaka 2012 Eric Granholm na wenzake huko San Diego walichapisha jaribio la wiki 12 kwa watu 55 waliokuwa wakitumiwa ujumbe mfupi wa maandishi kila siku kuhusu dawa, sauti na kukutana na watu. Hawakuhitaji simu ya bei, ujumbe tu wa kawaida. Swali linaingia, mtu anajibu, jibu lake linaleta ushauri unaolingana nalo. Idadi ya mikutano na watu iliongezeka. Karibu miaka kumi baadaye, Daniel Fulford na wenzake walijaribu kwa siku 60 programu ya simu iliyotungwa mahsusi kwa ajili ya maisha ya kijamii. Watu 31 waliweka malengo yao wenyewe, kama kupata rafiki au kuwa karibu zaidi na ndugu, na simu ikayavunja malengo hayo katika hatua ndogo za kila siku. Mwisho wake walijieleza kuwa wanaishi vizuri zaidi na watu.

Lazima niseme pia yasiyopendeza. Jaribio la Fulford halikuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo ni dalili njema, bado si uthibitisho. Katika jaribio la Granholm, walioshindwa kuendelea hadi mwisho walikuwa hasa wale ambao kufifia kwao kulikuwa kukubwa zaidi, yaani wenye haja kubwa ndio waliotangulia kutoka. Na huko Melbourne, Mario Alvarez-Jimenez na wenzake waliwafuatilia vijana 170 kwa miezi 18, karibu nusu yao wakitumia jukwaa la mtandaoni liitwalo Horyzons. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kuwa waliotumia jukwaa hilo walipata kazi au kurudi masomoni zaidi, na walikimbilia vyumba vya dharura mara chache zaidi, lakini katika utendaji wa kijamii kwa jumla hawakuwazidi wenzao waliopata huduma ya kawaida. Anayeuza programu ya simu kama tiba ya upweke anauza kitu ambacho hakijapatikana. Ninachokiona katika ushahidi huu ni kidogo zaidi na cha maana zaidi: simu inasaidia pale inapofanya kazi moja, ya kuziba pengo kati ya furaha iliyopo na hamu iliyofifia, kwa kumkumbusha mtu leo kile alichokipenda jana.

Na hapo lugha inarudi, kwa sababu programu ni maneno. Programu iliyotungwa na mtu mwenye "dalili hasi" kichwani itahesabu mapungufu. Itauliza, "Leo umezungumza na watu wangapi?" na chini yake itaweka mstari mwekundu. Kwa kijana aliyekaa siku nzima bila kufungua mlango, swali hilo ni mtihani aliokwisha kuufeli. Programu iliyotungwa na mtu anayefikiri kwa "kufifia" itaanzia kwingine: "Jumanne ulikunywa kahawa na ami yako, ukaandika kwamba ilikuwa nzuri. Je, ungependa kumjulia hali leo?" Tazama kitenzi hicho, kumjulia hali. Wataalamu wana istilahi ndefu ya "utendaji wa kijamii", nayo ina kazi yake katika fomu za utafiti. Lakini kwa mtu wa mwambao, maisha ya kijamii yana jina tangu zamani, nalo ni kujuliana hali: kupiga hodi, kutuma salamu, kuhudhuria arusi, kufika mazikoni. Kitenzi hicho kimejengwa kwa kutendana, huwezi kukifanya peke yako. Programu itakayoandikwa kwa Kiswahili kwa ajili ya watu hawa isitafsiri maswali ya San Diego neno kwa neno. Ianze na kitenzi hicho.

Yako mapingamizi, na mengine yana uzito. La kwanza ni kwamba simu ndiyo iliyoharibu mazungumzo. Wenye afya zao wanakaa barazani kila mmoja akiinamia kioo chake, iweje mgonjwa apewe sababu ya kuinama zaidi? Pingamizi hili lingekuwa sahihi kama kipimo cha programu kingekuwa muda unaotumika ndani yake, na programu nyingi za biashara hupimwa hivyo. Hizi zipimwe kinyume chake. Iliyo nzuri ni ile inayomwambia mtu jambo moja kwa nusu dakika, kisha inamwacha aweke simu chini na kwenda. Jaribio lolote litakalofanywa lihesabu hodi zilizopigwa, lisihesabu vidole vilivyogusa kioo.

La pili linasema kwamba hayo ni mahitaji ya Ulaya na Marekani, ambako mtu anaishi peke yake. Nyumba ya Kiomani au ya Kiswahili imejaa watu, upweke utatoka wapi? Ni kweli kwamba familia zetu zina hazina. Mtafiti Juli McGruder, aliyezifuata familia za Zanzibar zenye wagonjwa wa skizofrenia mwishoni mwa karne iliyopita, alikuta upole mkubwa, watu wakimwandikia mgonjwa kombe kwa zafarani na kumpokea alivyo bila kumdai awe mwingine. Lakini mtu anaweza kuzungukwa na watu kumi na asizungumze na hata mmoja, kama kijana wa Ijumaa. Tena upole unahitaji maelezo ili udumu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, wakiongozwa na Samir Al-Adawi, walichapisha mwaka 2002 uchunguzi wa mitazamo kuhusu ugonjwa wa akili Oman, wakakuta kwamba hata wanafunzi wa udaktari waliegemea zaidi kwenye mashetani kuliko kwenye urithi wa damu kama chanzo chake. Imani ya mashetani angalau humwondolea mgonjwa lawama, lakini inapomshughulikia anayepiga kelele humsahau aliyenyamaza. Huko Tanzania, mradi uitwao KUPAA, yaani Kuwezeshana Kupata Uzima, uliofanyika Muhimbili na Mbeya, ulikaa na wagonjwa pamoja na ndugu zao katika vikundi vya kuelimishana. Hiyo ndiyo njia ninayoiamini kwa simu pia: iwe ya mgonjwa pamoja na mmoja wa ndugu zake aliyemchagua yeye mwenyewe, ili ujumbe wa saa kumi jioni uwakute wawili wanaojua kufifia ni nini.

La tatu ni la siri. Mtu anayeogopa kufuatiliwa tunampa kifaa kinachomfuatilia. Hili silipingi, nalikubali kama sharti. Oman ina sheria ya kulinda taarifa binafsi, Amri ya Kifalme namba 6 ya 2022, iliyoanza kutumika Februari 2023, na inaziweka taarifa za afya katika fungu linalohitaji ulinzi wa pekee. Zaidi ya sheria, programu isikusanye mahali alipo mtu kama haihitaji kupajua, ieleze kwa lugha ya nyumbani inachokihifadhi, na iwe na kitufe cha kuzima kinachoonekana. Mgonjwa akikataa, kukataa kwake kusiandikwe kuwa dalili.

La mwisho ni la wenzangu wa lugha: istilahi ikishazoeleka, kuibadilisha ni kuvuruga. Jibu langu liko Japani. Mwaka 2002 chama cha madaktari wa akili wa nchi hiyo kiliacha jina la zamani la skizofrenia, lililomaanisha ugonjwa wa akili iliyopasuka, kikachukua jipya lenye maana ya kulegea kwa muunganiko. Mwaka huo wagonjwa walioambiwa ugonjwa wao na madaktari walikuwa takriban asilimia 37, na miaka miwili baadaye walikuwa karibu asilimia 70. Dawa hazikuwa zimebadilika kwa kiasi hicho. Madaktari walikuwa wamepata neno wanaloweza kulitamka mbele ya mgonjwa bila kuinamisha macho. Na kwa Kiswahili "dalili hasi" bado haijaota mizizi majumbani. Iko katika vitabu na mihadhara michache, na mche mchanga ndio unaohamishika.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Wafasiri wa afya, wahariri wa kamusi, madaktari wanaozungumza Kiswahili Muscat, Dar es Salaam, Unguja na Mombasa, waandike "dalili za ziada" na "dalili za kufifia", na watunzi wa programu waweke maneno hayo mwanzoni mwa kazi, kabla ya kuchora hata kitufe kimoja. Ijumaa nyingine itakuja na sinia litawekwa. Simu ya kijana ikimkumbusha kwamba wiki iliyopita alifurahi alipokaa karibu na mjomba wake, na mjomba naye akawa ameshaelezwa kwamba ukimya ule ni nuru iliyoshuka, hatauliza kwa nini amechelewa kutoka. Atasogea kidogo kwenye mkeka, amwachie nafasi.